Pembetatu za Uluguru

Ukisimama kituo cha reli cha Morogoro na kutazama kusini, milima ya Uluguru inaziba nusu ya anga. Lupanga na Bondwa, vilele viwili vinavyozidi mita 2,000, huonekana wazi asubuhi kabla mawingu hayajashuka. Mwenyeji huona pale chanzo cha maji: mto Morogoro unaoteremka mjini, na upande wa pili vijito vinavyokusanyika kuwa Ruvu, mto unaoinywesha Dar es Salaam. Mpima ardhi huona ncha mbili za pembetatu.

Nimeifuata njia inayotoka Boma, ikapita kwenye mashamba ya migomba na mboga hadi Morningside, jengo la enzi za Wajerumani, kisha ikapanda Bondwa kwenye minara ya mawasiliano. Nilichokuwa nakitafuta hakimo katika vitabu vya watalii: namna milima hii ilivyoingizwa kwenye ramani, na hesabu iliyolazimu kufanywa ili iingie. Kiini cha hesabu hiyo kinaitwa ditaminanti. Leo kompyuta huipata kwa kufumba na kufumbua. Mwanafunzi naye hufundishwa kanuni yake bila kuambiwa kwamba kompyuta karibu haiigusi kanuni hiyo. Inafanya kazi kwa njia ya wapima ardhi, na njia hiyo ina historia ambayo sehemu yake imepita hapa.

Wasafiri wa mwanzo walipita bila pembetatu. Burton na Speke, mwaka 1857, waliizunguka Uluguru kwa kusini wakapumzika Zungomero. Stanley, mwaka 1871, alipita kaskazini, akausifu mji wa Simbamwene uliokuwa na boma la chifu Kisabengo. Speke alipima kimo cha nchi kwa kuchemsha maji, kwa kuwa kadiri unavyopanda ndivyo maji yanavyochemka kwenye joto dogo zaidi. Kila kipimo kilisimama peke yake, na kikikosea kilikosea peke yake, hakuna kingine cha kukisahihisha.

Wajerumani walipotaka ramani ya koloni zima, walitoa ile ya kipimo cha 1:300,000 iliyochorwa Berlin chini ya Paul Sprigade na Max Moisel. Sehemu kubwa ilitokana na madaftari ya misafara: dira mkononi, saa mfukoni, na makisio ya mwendo. Hapo ndipo tatizo lilipojitokeza. Msafara mmoja unasema kijiji kiko hapa, mwingine unakiweka mbali kidogo, wa tatu unakileta katikati. Uamini upi?

Jibu lilikuwa tayari limeandikwa. Mwaka 1809 Carl Friedrich Gauss alichapisha njia ya miraba midogo kabisa: usimwamini mmoja, waamini wote kidogo kidogo. Tafuta mahali ambapo ukijumlisha miraba ya makosa ya vipimo vyote, jumla hiyo inakuwa ndogo kuliko popote pengine. Ukifanya hivyo, vipimo mia mbili vinavyogombana kuhusu pointi thelathini vinageuka kuwa milinganyo inayolingana kwa idadi na vitafutwa, na unabaki na jedwali la mraba la namba. Jedwali hilo ndilo matriksi. Ditaminanti ni namba moja inayotoka ndani yake na kukuambia kama milinganyo ile ina jibu moja tu. Ikiwa sifuri, vipimo vyako havitoshi kuishika nchi mahali pake, hata ukipima mwaka mzima.

Kanuni ya ditaminanti ilikuwa na umri mkubwa hata wakati huo. Seki Takakazu aliifikia Japani mwaka 1683, Leibniz akaandika juu yake mwaka 1693, na mwaka 1750 Gabriel Cramer wa Geneva akaonyesha kwamba kila kitafutwa kinaweza kuandikwa kama ditaminanti moja ikigawanywa kwa nyingine. Kwenye karatasi ni kanuni nzuri ajabu. Matriksi ya mbili kwa mbili ina namba nne: zidisha zile za mshazari mmoja, toa zao la mshazari wa pili, umemaliza. Ya tatu kwa tatu ina mazao sita. Ya nne kwa nne ina 24. Idadi ya mazao hupatikana kwa kuzidisha namba zote kuanzia 1 hadi ukubwa wa matriksi, na hapo ndipo uzuri unapogeuka kuwa adhabu. Kwa matriksi ya 20 kwa 20, ambayo kwa mpima ni mtandao mdogo tu wa vilima kumi, mazao ni 2,432,902,008,176,640,000. Mashine inayomaliza mazao bilioni moja kila sekunde ingehitaji miaka 77.

Wapima hawakuwa na miaka 77. Walifanya jambo ambalo Wachina wa enzi za nasaba ya Han walilifahamu, na ambalo Gauss alilipangilia vizuri mwaka 1810 alipokuwa akihesabu njia ya sayari ndogo iitwayo Pallas. Chukua safu ya kwanza ya jedwali, izidishe kwa namba inayofaa, uitoe kwenye safu zilizo chini yake hadi nguzo ya kwanza ijae sifuri chini ya namba ya juu. Rudia kwa safu ya pili, na ya tatu. Kutoa safu moja kwenye nyingine hakubadili ditaminanti hata chembe. Mwishoni namba zote zilizobaki zimekaa kwenye mshazari na juu yake, jedwali limekuwa pembetatu, na ditaminanti ni zao la namba za kwenye mshazari tu. Kwa 20 kwa 20, kazi yote ni kuzidisha mara 2,700 hivi. Miaka 77 imekuwa kazi ya siku chache kwa mtu mwenye penseli na subira.

Pembetatu juu ya milima ilizaa pembetatu kwenye daftari. Kila nikitazama Lupanga sasa, siwezi kuzitenganisha hizo mbili.

Reli iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 ilifika Morogoro mwaka 1907. Kitabu kikubwa cha upimaji kwa Kijerumani zama hizo kilikuwa cha Wilhelm Jordan, mpima aliyewahi kusafiri kwenye jangwa la Libya miaka ya 1873 na 1874, na toleo lake la mwaka 1888 ndilo lililofanya jina lake lifungamane na la Gauss katika kuondoa vitafutwa. Huko Marekani, Myrick Doolittle wa idara ya upimaji wa pwani alikuwa ameshapanga hesabu hiyo mwaka 1878 ili mkokotoaji aandike namba chache iwezekanavyo. Kwenye madaftari ya namna hiyo kulikuwa na nguzo ya ukaguzi, yenye jumla ya kila safu, ambayo ilifanyiwa yale yale yaliyofanyiwa safu yenyewe. Jumla zikiacha kulingana, mkokotoaji alijua papo hapo kosa liko mstari upi. Nauheshimu sana ukaguzi huo. Programu nyingi za leo hutoa jibu bila kukuonyesha dalili yoyote ya afya yake.

Mfaransa André-Louis Cholesky, afisa wa mizinga aliyepima Krete, Algeria na Tunisia, aliona jambo lililowapita wengine. Matriksi inayozaliwa na miraba midogo kabisa ina ulinganifu: nusu ya juu ni kivuli cha nusu ya chini. Ya nini kuikokotoa mara mbili? Aliigawa kuwa pembetatu moja inayozidishwa kwa kivuli chake, kazi ikapungua kwa nusu, na ditaminanti ikawa mraba wa zao la mshazari. Aliiandika mwaka 1910 na hakuichapisha. Vita ilipofika Uluguru, majeshi ya Uingereza yaliingia Morogoro tarehe 26 Agosti 1916 na kuwafuata askari wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, waliokuwa wakirudi nyuma kusini ya milima. Vita hiyo hiyo ilimuua Cholesky Ufaransa tarehe 31 Agosti 1918. Afisa mwenzake, Benoit, ndiye aliyeichapisha njia yake mwaka 1924, na sasa imo katika karibu kila programu ya takwimu duniani.

Chini ya Waingereza, mfupa wa ramani ya Tanganyika haukuanzia Morogoro. Ulianzia magharibi, kwenye mlolongo wa pembetatu unaofuata longitudo ya 30, ambao David Gill, mwanaastronomia wa Rasi ya Tumaini Jema, aliupendekeza mwaka 1879 akitaka uunganishe kusini mwa Afrika na Misri. Kati ya mwaka 1931 na 1933 Martin Hotine aliongoza upimaji wa sehemu ya Tanganyika. Mwaka 1946 huyo huyo akawa mkuu wa kwanza wa idara ya upimaji wa makoloni mjini London, iliyotoa karatasi za ramani za 1:50,000 kutokana na picha za ndege. Kutoka kwenye mlolongo huo ndiko kulikopatikana mfumo uitwao Arc 1960, ambao wapima wa Tanzania na Kenya wameutumia kwa vizazi. Anayetafuta koodineti za bikoni ya Morogoro katika mfumo huo anafuata uzi unaokwenda hadi vilima vya Kigoma na kwingineko.

Uzi ule ulisokotwa kwa mashine za kuzungushwa kwa mkono na vitabu vya logarithimu. Vijijini, chombo cha mpima kilikuwa na sura nyingine: mwaka 1955 watu wa Matombo walisimama dhidi ya mpango wa serikali wa kuwalazimisha kuchimba matuta kwenye miteremko ya Uluguru, na mpango ukaachwa. Ardhi ya milimani ilikuwa ya koo, ikirithiwa upande wa mama, na mpaka wake uliwekwa na kumbukumbu za wazee na mti uliopandwa. Ramani ilikuja juu ya elimu hiyo, na siyo kila mara iliiuliza.

Tukirudi kwenye hesabu, mwaka 1946, nje kidogo ya London, wanahisabati wanne waliketi kutatua milinganyo 18 kwa mashine za mezani: Fox, Goodwin, Wilkinson na Turing. Iliwachukua wiki mbili hivi. Wataalamu wengi waliogopa kwamba makosa madogo ya kukata tarakimu yangekua kila hatua hadi jibu lisifae. Jibu lilitoka safi kuliko walivyotarajia. Mwaka 1948 Turing alieleza sababu, akaionyesha njia ya Gauss kuwa ni kuigawa matriksi katika pembetatu mbili, na Wilkinson akaendelea na uchunguzi huo hadi mwaka 1961. Siri ni kuchagua mhimili: kabla ya kila hatua, angalia nguzo uliyofikia, ipandishe juu safu yenye namba kubwa kuliko zote bila kujali alama yake, ndipo uanze kutoa. Kila ubadilishanaji wa safu hugeuza alama ya ditaminanti, kwa hiyo unahesabu umebadilisha mara ngapi. Hicho ndicho programu ya MATLAB hufanya unapoiomba ditaminanti, na ndicho kilichomo ndani ya maktaba ya LAPACK iliyotolewa mwaka 1992.

Tanzania iliingia katika zama hizi kwa mwendo wake. Kompyuta ya kwanza iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta. Shule ya upimaji iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1956 ilikua kuwa Taasisi ya Ardhi, na tangu mwaka 2007 ni Chuo Kikuu Ardhi. Morogoro ina Chuo chake cha Ardhi. Nadhani marufuku ile ilirefusha maisha ya daftari la hesabu katika ofisi zetu, na haikuwa hasara tupu, maana aliyeondoa vitafutwa kwa mkono hata mara moja anajua kosa huzaliwa wapi.

Mpaka hapa nimezungumzia namba zilizopimwa, ambazo tangu mwanzo zina kosa. Iko njia ya pili, ya namba kamili na herufi, na humo desturi za wapima zinavunjika. Ukitoa safu kwa kugawanya, namba kamili zinageuka sehemu, na sehemu zinavimba kila hatua. Ukikataa kugawanya, namba zenyewe zinavimba vibaya zaidi. Charles Dodgson, yule aliyeandika kwa jina la Lewis Carroll kisa kilichotafsiriwa kwa Kiswahili mwaka 1940 kama Elisi Katika Nchi ya Ajabu, alitoa mwaka 1866 njia ya kuibana matriksi hatua kwa hatua kwa kutumia ditaminanti ndogo za mbili kwa mbili. Ilikuwa na kasoro moja: sifuri ikitokea katikati ya jedwali, inakwama. Mwaka 1968 Erwin Bareiss alitoa njia iliyo imara zaidi, na inafaa kuiona ikifanya kazi.

Chukua safu tatu: 2, 3, 1, kisha 4, 7, 5, kisha 6, 2, 9. Zidisha kimshazari ukitumia 2 ya mwanzo. Safu ya pili inakuwa 2 na 6, kwa sababu 2 mara 7 toa 3 mara 4 ni 2, na 2 mara 5 toa 1 mara 4 ni 6. Safu ya tatu inakuwa −14 na 12. Rudia kwa hizo nne: 2 mara 12 toa 6 mara −14 ni 108. Sasa gawa kwa mhimili wa hatua iliyopita, yaani 2, upate 54. Hiyo ndiyo ditaminanti, na ugawanyaji ule haukuacha baki. Hauachi kamwe. Hata matriksi iwe kubwa kiasi gani, mradi namba ni kamili, kila mgawanyo wa Bareiss hutoka mzima, na namba za katikati hazivimbi kuliko inavyolazimu. Programu ya SymPy hutumia njia hii kwa matriksi zinazozidi tatu kwa tatu, isipoelekezwa vingine. Maktaba ya FLINT huitumia kwa matriksi za kadiri, hurudi kwenye kanuni ya kitabuni zikiwa ndogo hadi nne kwa nne, na zikiwa kubwa hukokotoa ditaminanti kwa mabaki ya namba tasa moja baada ya nyingine, kisha hurudisha jibu kamili kutoka kwenye mabaki hayo. Jacques Hadamard alithibitisha mwaka 1893 kikomo ambacho ditaminanti haiwezi kukivuka, na kikomo hicho huiambia programu namba tasa ngapi zinatosha.

Kwenye herufi, hofu ni nyingine. Programu inapotaka mhimili lazima ijue kama kiasi fulani ni sifuri. Namba inajieleza, lakini mchanganyiko mrefu wa herufi unaweza kuwa sifuri uliojificha. Programu isipoutambua, itagawa kwa sifuri bila kujua na kukupa jibu lenye sura ya heshima. Kwa sababu hiyo njia ya Stuart Berkowitz ya mwaka 1984, isiyogawanya mahali popote, bado inatunzwa ingawa ina kazi zaidi. Na kuna mahali ambapo hakuna ujanja: matriksi ya 10 kwa 10 yenye herufi 100 tofauti ina jibu lenye mazao 3,628,800. Ukilitaka limeandikwa lote, njia yoyote italazimika kuliandika lote.

Turudi kwenye tambarare ya Dakawa, kaskazini mwa mji. Kutoka huko Lupanga na Bondwa vinakaribiana machoni. Mpima anayetaka kujua mahali alipo kwa kuvilenga hivyo viwili anatatua milinganyo miwili, na ditaminanti yake ni saini (sine) ya pembe kati ya mistari miwili ya kulenga. Pembe ikiwa nyuzi 90, ditaminanti ni 1. Ikiwa nyuzi 5, ni 0.087, na kosa dogo la chombo linakuzwa zaidi ya mara 11. Kwa hiyo anasogea, au analenga kilele cha tatu mbali pembeni. Wengi huhitimisha hapa kwamba ditaminanti ndogo ni ishara ya hatari. Sivyo. Chukua matriksi iliyo imara kabisa ya 10 kwa 10, ugeuze kipimo ili kila namba igawanywe kwa kumi: ditaminanti yake itagawanywa kwa 10,000,000,000, na uimara haujaguswa. Ndiyo maana Turing alitoa kipimo kingine cha uimara, na ndiyo maana programu nzuri, ikiombwa ditaminanti ya matriksi kubwa, hutoa logarithimu yake na alama yake kando, isije ikazama chini ya namba ndogo kabisa ambayo mashine inaweza kuishika.

Basi tushuke Kihonda, kwenye kiwanja cha mita 20 kwa 30 chenye bikoni nne. Eneo lake ni nusu ya jumla ya ditaminanti nne za mbili kwa mbili, moja kwa kila upande. Koodineti za Morogoro zinakaa karibu na 352,000 upande wa mashariki na 9,246,000 upande wa kaskazini, kwa mita. Zao moja tu, 352,020 mara 9,246,000, ni 3,254,776,920,000, namba ya tarakimu 13. Programu iliyoandikwa kutunza kila namba kwa biti 32, ambayo hushika tarakimu saba hivi, haina namba yoyote kati ya zao hilo na jirani yake wa karibu aliye mbali kwa 262,144. Hizo ni mita za mraba, zaidi ya hekta 26. Kiwanja cha mita za mraba 600 kinamezwa mzima, na skrini inaweza kuonyesha sifuri, au shamba. Kwa biti 64 pengo ni nusu ya sehemu moja ya elfu ya mita ya mraba, na hati inatoka sahihi.

Dawa ya wapima ni ya zamani kuliko kompyuta: hamisha chanzo kwenye bikoni ya kwanza. Koodineti zinakuwa 0 na 0, 20 na 0, 20 na 30, 0 na 30. Ditaminanti nne ni 0, 600, 600 na 0. Nusu ya jumla ni 600, hata kwa biti 32.

Gumu zaidi ni kuuliza kama bikoni ya jirani iko kushoto au kulia kwa mstari wa mpaka, maana jibu ni alama tu ya ditaminanti, na bikoni ikikaribia mstari, alama yenyewe inaweza kugeuka kwa kosa la kukata tarakimu. Mwaka 1997 Jonathan Shewchuk alichapisha njia inayounganisha zile mbili, ya namba zinazokatwa tarakimu na ya hesabu kamili. Programu hukokotoa kwanza haraka kwa namba za kawaida, pamoja na kikomo cha kosa lake. Jibu likizidi kikomo, imekwisha. Likiwa ndani ya kikomo, programu huongeza usahihi kwa kadiri inavyohitajika, na ikibidi hufika kwenye hesabu kamili isiyokata tarakimu yoyote. Kwa bikoni nyingi hatua ya kwanza inatosha. Gharama kubwa hulipwa kwa zile chache zinazogusana na mpaka.